Aliyeumwa na Nyoka na Ung'ongo Wake: Baada ya Kutazama Vuta N'kuvute

Mjadala ulionisukuma kuandika makala haya ulianzia uani, katika nyumba ya rafiki yangu mtaa wa Malindi, hapa Mji Mkongwe. Ulikuwa usiku wa Jumamosi, baada ya swala ya Isha. Shuka nyeupe ilitundikwa ukutani, majamvi yakatandikwa kwa kina mama, viti vya plastiki vikapangwa nyuma, na birika la kahawa likazunguka pamoja na sahani ya kashata. Tulikuwa watu ishirini na ushei, na tulikusanyika kuitazama filamu ya Vuta N'kuvute.

Filamu yenyewe si ngeni. Amil Shivji aliitoa mwaka 2021, akiitegemeza juu ya riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu filamu ya Maangamizi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo sikusudii kuwajulisha wasomaji kitu wasichokijua. Ninachokusudia ni kuzungumzia yaliyosemwa baada ya filamu kwisha, kwani katika maneno ya watazamaji wale nilisikia jambo linalotuhusu sisi tunaojiita watunzi.

Kwa ambaye hajaisoma wala hajaiona, kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza akiwa bado anatawala. Yasmini ni msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Anaikimbia ndoa hiyo, jamaa zake wanamtupa mkono, na anaipata nafasi ya kupumua kwa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo asiyejali sana watu watasema nini. Denge ni kijana mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa mkoloni. Wawili hawa wanapendana. Kila mmoja anaingia katika mapenzi hayo akiwa na jeraha lake: mwanamke ameuzwa na watu wa damu yake, na mwanamume anayajua mapigo na pingu za serikali. Basi kisa ni cha siasa, ni cha mapenzi, na pia ni cha watu wawili walioumizwa wanaojaribu kukaa chumba kimoja.

Ni hilo la tatu lililotugawa.

Wa kwanza kusema alikuwa mwalimu mstaafu, mzee aliyefundisha riwaya hiyo kwa miaka mingi. Alisema filamu ni nzuri kwa macho lakini imemnyima masikio yake haki. "Wahusika wa Adam Shafi wanasema," alilalamika. "Wanabishana, wanataniana, wanatoleana ukali. Hawa wa kwenye shuka wanaangaliana tu. Kiswahili ni lugha ya maneno. Wapenzi mabubu tumewatoa wapi?"

Wa pili alikuwa kijana aliyemaliza chuo juzi. Yeye alisema kimya kile ndicho ukweli wenyewe, kwa sababu watu waliopitia makubwa huwa hivyo. Lakini alipotaka kulitaja hilo lililowapata, alilitaja kwa Kiingereza. Mzee alipomwuliza kwa Kiswahili huitwaje, kijana akajibu kwamba Kiswahili hakina neno la kutosha, na ndiyo maana watu wetu hawapati tiba: hawawezi kwenda kwa mshauri na ugonjwa usio na jina.

Wa tatu alikuwa bwana mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa Darajani. Huyo aliwakataa wote wawili. "Haya ya mume na mke kuoneshana vidonda ni mambo ya tamthilia za Kituruki," alisema. "Sisi tuna stara, tuna subira. Mtu akipatwa na jambo, anamwachia Mungu, anaendelea." Wengi wa wanaume tuliokaa nyuma tulitikisa vichwa kumuunga mkono. Nami nilitikisa.

Wa nne alikuwa mama yangu. Muda wote wa filamu alikuwa akisuka ukili kama kawaida yake, vidole vikienda vyenyewe, macho ukutani. Hakuna aliyemwuliza maoni yake. Alifunga chane zake za ukindu, akasimama, akajifunga buibui, na alipokuwa akinipita akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea: "Hao afadhali. Hao angalau wanaangaliana."

Nilimsindikiza nyumbani bila ya kumjibu. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kwanza niseme kwamba siyachukulii maoni ya watazamaji kuwa jambo dogo. Watu wa Unguja wamejifunza kuzungumzia ndoa zao kwa kupitia filamu tangu zamani. Katika miaka ile ile ya 1950 anayoisimulia Adam Shafi, majumba ya sinema ya mjini yalijaa watu waliokwenda kuona picha za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, wazee wetu wanaikumbuka mpaka leo, na nyimbo zake wanaziimba bila ya kujua Kihindi. Waliporudi majumbani walibishana: je, kijana anayo haki ya kujichagulia mke? Baba akikosea, mtoto aseme? Mambo ambayo mtu asingethubutu kuyasema juu ya nyumba yake, aliweza kuyasema juu ya Raj Kapoor. Sinema ilikuwa ni fumbo kubwa ambalo mji mzima ulilifumbua pamoja. Ndiyo maana maneno yaliyosemwa uani Malindi nayatia mizani.

Nianze na mwalimu. Kwamba filamu ina maneno machache kuliko riwaya, hilo ni kweli na haliwezi kuwa vinginevyo: riwaya yenye mamia ya kurasa haiwezi kumiminwa yote katika filamu ya saa moja na nusu. Lakini dai lake kubwa ni kwamba kimya si cha Kiswahili. Hapo namkatalia kwa heshima. Kiswahili ni lugha ya barazani, naam, na barazani hatunyamazi. Hata hivyo nyumba ya Mji Mkongwe haina baraza peke yake. Ina mlango mzito wa kuchongwa, ina ukumbi, ina ua, na ndani kabisa ina chumba. Kila hatua anayopiga mtu kutoka barazani kuelekea chumbani, maneno yanapungua. Tuna utajiri wa lugha kwa ajili ya mlangoni na umaskini wa lugha kwa ajili ya chumbani. Hatukunyimwa na Mungu, tumejinyima wenyewe. Mwongozaji alipowaacha Denge na Yasmini waangaliane, hakutuletea ugeni. Ametuonesha chumba chetu.

Naja kwa kijana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu dai lake ni la lugha na ukurasa huu ni wa lugha.

Anasema Kiswahili hakina neno. Wataalamu wetu wamelichagua neno kiwewe kwa ajili ya jeraha la nafsi linalobaki baada ya maafa, na sasa linatumika katika maandishi ya ushauri nasaha. Silikatai, ingawa kwa sikio la mtu wa Unguja kiwewe ni cha papo hapo: mwizi aliyekurupushwa huingiwa na kiwewe, akakimbilia ukuta badala ya mlango. Kinakuja na kinaondoka. Maradhi anayoyasema kijana ni yale yanayokaa. Lakini tazama neno linalokaa jirani na kiwewe kwa sauti na kwa maana: kuweweseka. Huyu ni mtu aliyelala, anayerusha mikono na kutoa maneno yasiyoshikana, kwa sababu lililompata mchana wa miaka iliyopita limerudi usiku wa leo. Neno moja, nasi tumepata nusu ya kitabu cha daktari.

Tuendelee. Mtu akisikia kishindo cha mlango akaruka, tunasema amegutuka. Akiamka usiku na uzito kifuani, tunasema amekabwa na jinamizi. Akiacha kulia na kucheka pia, tunasema moyo umekufa ganzi. Akiishi katika kungoja baya lijalo, ana jakamoyo. Akibaki na huzuni iliyotulia kama maji ya kisima, ile ni jitimai. Nyumba aliyoondoka mtu imekuwa na ukiwa. Jeraha lisilofunga kwa miaka ni donda ndugu, na sijui lugha nyingine iliyothubutu kuliita donda kwa jina la jamaa, kana kwamba limehamia nyumbani na kupewa kitanda.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni kutonesha. Mtoto mwenye kidonda gotini akijigonga pale pale, hulia kuliko siku aliyoanguka. Ametoneka. Kidonda ni kile kile, mgongo mdogo tu, lakini maumivu yanaanza upya. Mke akimtajia mumewe jina fulani naye akaondoka mezani, amemtonesha. Polisi akigonga mlango wa mtu aliyewahi kufungwa, hata kwa kuuliza njia, amemtonesha. Hebu niambieni, ni neno gani la kigeni lililo wazi zaidi?

Na juu ya maneno yote hayo tunayo methali: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo ni utepe wa jani tu, kitu cha ususi, kisichoweza kumdhuru hata sisimizi. Waliotunga methali hii hawakumcheka anayeshtuka. Walieleza. Walijua kwamba woga wake haumo katika ung'ongo, umo katika nyoka ambaye wengine hawakumwona. Kwa hivyo, mwanangu, lugha haikukunyima neno. Imekuwekea kapu zima. Tatizo ni kwamba maneno haya tunayatumia tunapomsimulia mtu wa tatu: fulani anaweweseka, fulani ana jakamoyo. Kuyageuza yawe ya nafsi ya kwanza na ya pili, kusema "mimi nagutuka" au "wewe nimekusikia ukiweweseka", hapo ndipo ulimi unapokuwa mzito.

Sasa bwana wa Darajani na stara yake. Simpingi kwa wepesi, kwani stara ni tunu. Watu walioteswa, waliodhalilishwa, waliopoteza, wamejistiri kwa neno hilo na wakaweza kutoka nje asubuhi. Lakini stara na siri si kitu kimoja. Stara ni nguo: humfunika mtu mbele ya wageni, na mbele ya mwenzake wa ndani huvuliwa. Qur'ani yenyewe imewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenzake. Basi mtu anayemficha mkewe kidonda kwa jina la stara amelikosea neno. Wahenga hawakuliachia hilo: mficha maradhi, kifo humuumbua, mficha uchi hazai.

Tena tujiulize stara hii tumempa nani kuibeba. Fasihi yetu ya ndoa kwa sehemu kubwa imeelekezwa kwa mwanamke. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na tangu hapo mpaka leo bibi harusi hukalishwa na somo wake akafundwa kustahamili, kuliwaza, kuusoma uso wa mume kabla hajasema. Ni elimu kubwa. Lakini mwanamume hufundwa na nani kusema lililomuuma? Hupewa neno moja tu: jikaze. Aliyefungwa, aliyepigwa, aliyenusurika baharini, wote hupewa neno hilo hilo. Matokeo yake ni nyumba ambamo mmoja amefundwa kusikiliza na mwingine hakufundwa kusema.

Wala mtu asiniambie kwamba kuyatoa machungu hadharani ni mila ya Waturuki. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, aliimba juu ya mwanamke aliyeuawa na juu ya haki iliyopinda, na mji ukamsikiliza. Taarabu yetu ilizaliwa na ujasiri huo. Ni jambo la kufurahisha kwamba katika filamu hii Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa hapa hapa kwetu. Ila naona kwamba katika miaka ya karibuni tumeuacha ujasiri ule na kushika kijembe. Maumivu ya ndoa yamekuwa ni silaha ya kumrushia mke mwenza na jirani. Shairi au wimbo ambamo mume na mke walioumizwa wanazungumza wao kwa wao, bila ya adui wa tatu wa kumsuta, nautafuta na naupata kwa shida.

Hapa ndipo ninapolazimika kumrudia mama yangu.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilibeba watu wengi kuliko ilivyoruhusiwa. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na ripoti ya tume iliyotolewa mwaka uliofuata ilitaja waliokufa na waliopotea kuwa zaidi ya 1,500. Wasomaji wa visiwani hawahitaji kukumbushwa. Dada yangu mkubwa alikuwa mwalimu Pemba. Alikuja kula Idi nasi, akakaa siku chache, na usiku ule alikuwa anarudi kazini. Hatukumpata. Tulimswalia swala ya ghaibu, tukasoma hitima, watu wakaja, wakala, wakaondoka.

Baba ndiye aliyempeleka bandarini. Ndiye aliyembebea begi lake. Hayo ndiyo tuyajuayo, kwani baba hakuwahi kuyasema, na mama hakuwahi kumwuliza.

Dada alikuwa mtoto wa kwanza. Nyote mnaijua desturi yetu: mwanamke akishazaa, jina lake la usichana huwekwa kabatini, akaitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mume naye vivyo hivyo. Kwa miaka ishirini na minane baba alimwita mama kwa jina la dada, Mama Fulani, asubuhi akitaka chai na usiku akitaka dawa. Baada ya Septemba ile hakumwita tena hivyo. Akawa anasema "we bibi", au "mama watoto", au anakohoa tu mlangoni. Naye mama aliacha kumwita baba kwa jina lile. Hakuna aliyemkataza mwenzake. Kila mmoja alichelea kumtonesha mwingine. Na kwa kuwa jina la dada lilikuwa ndilo jina lao wenyewe, wakawa watu wawili wasio na majina ndani ya nyumba moja. Baba huweweseka. Mama huamka, akakaa pembeni mwa kitanda mpaka atulie, na asubuhi hakuna anayesema lolote. Kwa kipimo cha bwana wa Darajani, hiyo ni ndoa yenye stara kamili. Nami niliyetikisa kichwa kumuunga mkono nimeishi humo.

Mimi ni mtu wa mashairi. Nimetunga juu ya uhuru, juu ya bahari, juu ya utamu wa Kiswahili, na nimepigiwa makofi. Juu ya chumba kile sijatunga hata mshororo mmoja. Nilidhani ni adabu. Maneno ya mama usiku ule yalinionesha kuwa ilikuwa ni woga.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, baba aliuliza kwa mazoea tu ile sinema ilihusu nini. Mama, mkono ukiwa bado kwenye ukili, akaanza kumhadithia. Alimhadithia kwa kirefu, kama kina mama wanavyohadithia: msichana alivyoozwa, alivyokimbia, kijana alivyoandamwa na polisi. Baba alisikiliza akiwa amelala ubavu kwenye mkeka. Mama alipomaliza, baba akauliza, "Na huyo kijana, alimwambia mwenzake aliyotendwa?"

"Sikumsikia akimwambia," mama akajibu.

"Afadhali," akasema baba. Ukapita muda mrefu, tukadhani amesinzia. Kisha akasema, akitazama dari: "Au si afadhali, Mama Fulani." Na jina alilolitaja ni lile.

Mama hakuinua uso. Aliendelea kusuka, lakini niliona kwamba ule ukili alikuja kuufumua baadaye, kwa sababu ulikuwa umekwenda upande. Jioni baba alirudi kumwita "we bibi". Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba yamekwisha. Hayajesha. Ila jina limetajwa mara moja, na nyumba haikuanguka.

Kutokana na hayo natoa maoni yangu, na wenye kunipinga wanipinge.

Jina la riwaya limetokana na mchezo wa kamba: vuta, nami nikuvute. Ni jina linalofaa kwa siasa, na linafaa kwa Yasmini anayevutwa na jamaa, mume, mapenzi na nchi. Lakini Kiswahili kimetujaalia kile kiambishi kidogo cha -ana, kinachofanya tendo liende na kurudi, na ndani yake kuna falsafa nzima ya ndoa. Watu wanaweza kuvutana, na hapo kila mmoja anaushika mwisho wake wa kamba. Wanaweza kusikilizana, na tazama kwamba kwa Kiswahili kusikilizana si kutumia masikio tu, ni kupatana: tukisema fulani na mkewe hawasikilizani, tumesema kwamba nyumba ina matatizo. Na juu ya yote wanaweza kuchukuana. Wazee walipotaka kusifu ndoa walisema wale wawili wanachukuana. Hawakusema hawana mzigo. Walisema kila mmoja ameubeba wa mwenzake.

Kuchukuana ndilo jibu langu kwa kijana aliyetaka neno la tiba. Na ndilo jibu langu kwa mwalimu: filamu imetuonesha watu wawili kabla hawajajifunza kuchukuana, na kimya chao ni cha watu waliosimama mbele ya mzigo wasijue washike wapi. Kwa bwana wa Darajani nasema: subira ni kuubeba mzigo, lakini hakuna aya wala methali iliyosema lazima mtu aubebe peke yake.

Kwetu sisi watunzi nasema hivi. Tuyatoe maneno yetu katika nafsi ya tatu. Kuweweseka, kugutuka, kutoneka, jakamoyo, jitimai, ukiwa: tuyatie katika kinywa cha mume akimwambia mke, na mke akimwambia mume. Tusingoje filamu. Kuna wanandoa wa meli ile, wa Skagit iliyozama mwaka uliofuata, wa magereza ya zamani na ya jana, wa watoto waliozikwa kabla ya kupewa majina, na wote wanakaa vyumbani wakikohoa milangoni. Shairi haliponyi donda ndugu. Lakini linaweza kumpa mtu sentensi ya kwanza, na sentensi ya kwanza ndiyo nzito kuliko zote.

Ili nisionekane nimewatuma wenzangu mahali nisikokwenda, natupa ubeti mmoja, nao ndio wa kwanza kuutunga juu ya jambo hili. Wenye kuukosoa waukosoe, wenye kuujibu waujibu, na ningependa zaidi majibu yatoke kwa upande wa pili wa kitanda:

Mwenzangu nimekuona, usiku ukigutuka,
Neno la kusema huna, ulimi umekauka,
Kidonda hakijapona, nachelea kutoneka,
Ndoa ni kuchukuana, si kamba ya kuvutana.